Siku 305: mwanafunzi wa sekondari kutoka Dar es Salaam hadi Minnesota

Siku hizi zimehesabiwa kuanzia ile ya kupanda ndege, ambayo hapa imewekwa kuwa tarehe 10 Agosti. Anayeondoka tarehe nyingine asogeze hesabu mbele au nyuma. Njia inayofuatwa ni ya mpango wa Kennedy-Lugar YES, ulioanzishwa na serikali ya Marekani Oktoba 2002, mwaka mmoja baada ya mashambulizi ya Septemba 11, ili vijana wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi waishi mwaka mzima wa masomo ndani ya familia ya Kimarekani. Tanzania na Kenya zimekuwa zikishiriki. Mpango hulipa nauli, bima na posho ya kila mwezi, kwa hiyo anayekudai pesa ya fomu ni tapeli, hata akija na muhuri. Familia inayokupokea hailipwi chochote. Imekufungulia mlango kwa hiari yake, na inachotarajia ni mtoto wa nyumbani, si mpangaji.

Siku 60 kabla: chanjo

Hapa ndipo pa kuanzia, kabla hata ya kununua begi. Shule za Minnesota hudai uthibitisho wa chanjo za surua, matumbwitumbwi na rubela (dozi mbili), tetekuwanga (dozi mbili), homa ya ini aina B, polio, pepopunda pamoja na dondakoo na kifaduro, na homa ya uti wa mgongo. Kadi ya kliniki ya mtoto wa Kitanzania au Kikenya ina nyingi kati ya hizi, lakini ina mapengo, na haya mawili ndiyo yanayokula muda. Chanjo yetu ya surua na rubela haina matumbwitumbwi, na tetekuwanga haimo katika ratiba ya kawaida. Dozi mbili za kila moja hutengana wiki nne. Zaidi ya hayo, chanjo hizo mbili ama zichomwe siku moja, ama zipishane wiki nne. Ukianza siku 20 kabla ya safari, hesabu haifiki.

Aliyewahi kuugua tetekuwanga hahitaji sindano. Anahitaji barua ya daktari yenye mwezi na mwaka wa kuugua. Kadi iandikwe upya kwa Kiingereza, kila chanjo na tarehe yake kamili, saini na muhuri. Tarehe ikisomeka 03/04, Mmarekani ataisoma Machi 4, kwa hiyo mwezi uandikwe kwa maneno.

Jambo la kushika kichwani: ukipimwa kifua kikuu kwa kuchomwa chini ya ngozi, kovu lako la BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu, linaweza kufanya mkono uvimbe kana kwamba umeambukizwa. Omba kipimo cha damu, ambacho hakidanganywi na BCG. Asiyeomba huishia kupigwa picha za kifua na pengine kuzuiwa mlangoni mwa shule kwa ugonjwa asiokuwa nao.

Siku 40 kabla: ubalozini, na kwa mkuu wa shule

Ubalozi wa Marekani Dar uko Msasani, barabara ya Old Bagamoyo. Wa Nairobi uko Gigiri. Kabla ya miadi, tandaza mezani pasipoti, cheti cha kuzaliwa na DS-2019, ile hati inayotolewa na shirika la Marekani linalokusimamia. Soma jina herufi kwa herufi. Majina yetu matatu ndiyo yanayoleta balaa: jina la babu limekuwa la ukoo kwenye pasipoti, la baba limekuwa la ukoo kwenye DS-2019, na Mwanahamisi amepoteza h. Hati hiyo husahihishwa Marekani, si ubalozini, na kosa likigunduliwa dirishani viza husubiri. Picha ni sentimita 5 kwa 5, bila miwani.

Mahojiano ni mafupi. Mzazi asijibu kwa niaba ya mtoto, na mtoto asikariri. Viza ni ya J-1, ile ya mipango ya kubadilishana, na kwa kuwa pesa ni za serikali ina sharti la kurudi nyumbani miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu au viza za kazi za aina ya H na L. Sharti hili lielezwe kwa familia nzima sasa, shangazi na wajomba wakiwemo, wasije kumshauri mtoto vingine katikati ya mwaka.

Wiki hiyohiyo, nenda kwa mkuu wa shule. Mwaka wetu wa masomo ni Januari hadi Desemba. Wao ni Septemba hadi Juni. Anayeondoka Agosti akiwa kidato cha tatu atarudi Juni na kuwakuta wenzake kidato cha nne, miezi mitano kabla ya mtihani wa taifa, na usajili wa mtihani umeshafungwa zamani. Karibu kila mmoja hulazimika kurudia mwaka, na hakuna aibu ndani yake. Kinachotakiwa ni barua ya mkuu wa shule, yenye tarehe, inayosema nafasi imehifadhiwa na mwanafunzi ataingia kidato gani akirudi. Ahadi ya mdomo haitoshi, kwa sababu wakuu wa shule huhamishwa.

Siku 3 kabla: begi

Pima kwa mizani ya nyumbani: kilo 23 kwa begi ndio ukomo wa mashirika mengi. Acha kilo tano wazi, kwa kuwa utarudi na vingi. Usinunue koti la baridi Kariakoo. Linalouzwa kwa ajili ya Arusha au Njombe halitoshi Januari ya Minnesota, na kule pia kuna maduka ya mitumba ambako koti zuri hupatikana kwa sehemu ndogo ya bei.

Umeme wao ni volti 120 na plagi ni ya meno mawili bapa. Angalia maandishi madogo kwenye chaja: ikiandikwa 100–240V, unahitaji adapta tu. Pasi na mashine ya nywele za volti 240 ziache. Zitapata joto nusu nusu na hazitafanya kazi.

Vyakula: nyama ya aina yoyote, hata iliyokaushwa, na matunda mabichi havivuki. Majani ya chai, kahawa iliyokaangwa na viungo vikavu vya pilau huvuka, mradi uvitangaze. Kwenye swali la chakula weka «ndiyo». Anayetangaza hunyang'anywa kitu. Anayeficha hutozwa faini.

Zawadi bora ni kanga, doti mbili au tatu, na maana ya jina lake umeiandika kwenye karatasi ndogo. Chagua jina lenye heri. Duka la kanga limejaa vijembe, na mama mwenyeji atauliza maandishi yanasemaje.

Siku ya 1 na ya 2: angani

Mkobani, si kwenye begi la chini: pasipoti, DS-2019 halisi, kadi ya chanjo, namba za simu za shirika zilizoandikwa kwenye karatasi, dawa, na nguo za kubadilisha mara moja.

Kosa la siku hii hutokea kwenye uwanja wa kwanza wa Marekani. Hapo ndipo unapoingia nchini, hata kama tiketi yako inaendelea. Dar wamekubandikia begi lebo ya mji wa mwisho, lakini bado lazima ulichukue mwenyewe kwenye mkanda, upite nalo forodhani, kisha ulikabidhi upya mita chache mbele. Anayekwenda moja kwa moja kwenye ndege ya pili huliacha begi likizunguka. Foleni ya uhamiaji inaweza kula saa mbili, na ndege ikikuacha usilie: nenda kaunta ya shirika la ndege, kisha piga namba ya dharura ya karatasini.

Ofisa akikugongea muhuri, angalia palepale kama ameandika J-1. Baadaye chapisha rekodi yako ya kuingia nchini, iitwayo I-94, kwenye tovuti ya forodha ya Marekani. Kosa la herufi moja hurekebishwa kwa urahisi wiki ya kwanza, si miezi minane baadaye.

Siku ya 4: nyumba

Baada ya semina fupi, unashukia kwa familia yako. Kanuni za serikali yao ziko wazi: watu wazima wote wa nyumba wamechunguzwa rekodi za polisi, na wewe una haki ya kitanda chako mwenyewe, kisichokuwa cha kukunjua wala cha kujaza upepo. Ukishirikiana chumba, ni na mtu mmoja tu wa jinsia yako. Ukikuta vingine, mpigie mratibu wa eneo, yaani mtu wa shirika anayekufuatilia huko, usiku huohuo.

Jioni ya kwanza uliza, na uandike majibu. Niwaiteje? Wengi watasema wawaite kwa majina yao, na mtoto aliyelelewa kwa shikamoo hupata kigugumizi hapo. Waambie kwamba kwetu kumwita mtu mzima jina tupu ni utovu wa adabu. Wengi hufurahi kuitwa mama na baba kwa Kiswahili. Uliza pia nani huoga saa ngapi, vyakula gani vya kwenye jokofu ni vya wote, mlango unafungwa saa ngapi, intaneti inazimwa lini, kazi yangu ya nyumbani ni ipi.

Na hili la chakula lielewe vizuri, kwa sababu ndilo linalowalaza watoto wetu njaa. Kwetu mgeni akikaribishwa husema nimeshiba, mwenyeji husisitiza, mgeni hukataa kidogo, mwisho sahani inajaa. Kule utaulizwa mara moja. Ukisema hapana, sahani inaondolewa kwa heshima zote, maana wamekuamini. Kama una njaa, sema ndiyo mara ya kwanza.

Siku ya 5: mashine

Mashine ya kuoshea vyombo ina sabuni yake ya unga au vidonge. Ukitia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa mkono, ndani ya dakika chache povu litatoka chini ya mlango na kufunika sakafu ya jiko. Likitokea, zima, chota povu, nyunyiza chumvi, suuza kwa maji baridi.

Mashine ya kukaushia nguo ina kichujio kinachonasa nyuzi. Kisafishwe kila baada ya mzigo mmoja, kwa sababu nyuzi zikijaa huwaka moto. Kanga hutoa rangi: maji baridi, peke yake, na ianikwe, isikaushwe kwa mashine.

Maji ya bombani ya mji hunywewa bila kuchemshwa. Chombo cha ukutani kinachoongoza joto la nyumba usikiguse bila ruhusa, kwa kuwa bili ya joto ya Minnesota ni jambo zito katika kila familia. Ongeza sweta.

Siku ya 9: dukani

Bei ya kibandiko siyo utakayolipa. Kodi ya mauzo ya jimbo ni asilimia 6.875, na miji mingine huongeza yake juu. Madaftari ya dola 10 yatakuwa 10.69 au zaidi kidogo. Nguo hazitozwi kodi hiyo Minnesota, wala vyakula vingi vya kupika nyumbani, kwa hiyo koti na mabuti nunua hukohuko. Sarafu ya senti 10 ni ndogo kuliko ya senti 5. Usihesabu kwa ukubwa.

Unga wa sembe ni kazi kuupata. Unga wa mahindi wa njano wa supamaketi ni wa chenga na hutoa ugali unaosambaratika. Ule wa chapati za mahindi za Kimeksiko umechemshwa na chokaa, ladha yake ni nyingine kabisa. Unaofaa ni mweupe uliosagwa laini, na kwenye maduka ya Wasomali ya Minneapolis na St. Cloud haukosekani. Huko utakutana na wauzaji waliokulia Kenya, Dadaab au Eastleigh, na Kiswahili chako kitapata mtu wa kukijibu.

Siku ya 16: kuandikishwa shule

Mshauri wa masomo atakupa orodha ya masomo, nawe unachagua. Mpango hudai Kiingereza na historia au uraia wa Marekani. Yanayobaki yajaze kwa akili. Chukua hesabu ya kiwango chako halisi. Mtoto wa kidato cha tatu mara nyingi huwekwa darasa ambalo ameshalimaliza, kisa lafudhi yake, na asiposema hukaa mwaka mzima akirudia. Omba kupewa jaribio. Na chukua somo moja ambalo kwenu halipo: uchomeleaji, upishi, upigaji picha, kwaya.

Kama unataka michezo, kuna fomu ya daktari ambayo lazima ijazwe kabla ya mazoezi ya kwanza, na mazoezi ya msimu wa vuli huanza kabla ya shule yenyewe kufunguliwa. Mchujo ukipita, umepita.

Siku ya 30: shule imefunguliwa

Kwa kawaida Minnesota hufungua baada ya Siku ya Wafanyakazi, Jumatatu ya kwanza ya Septemba.

Basi la njano linapita saa 1:05 asubuhi. Familia itasema saba na dakika tano. Mtoto aliyezoea saa ya Kiswahili, usingizi ukiwa haujamtoka, huandika saa 7 na kuchanganyikiwa. Andika kwa tarakimu za simu. Fika kituoni dakika tano kabla. Magari hukaa kulia, kwa hiyo kabla ya kuvuka tazama KUSHOTO kwanza. Shingo yako itageuka kulia yenyewe, na ndiyo hatari. Subiri taa nyekundu ziwake, mkono wa kusimamisha magari utoke ubavuni mwa basi, na dereva akupungie. Vuka mbele ya basi, mita tatu kutoka kwenye pua lake, ili akuone. Nyuma ya basi usipite kamwe.

Kisha kabati lako la koridoni na kufuli lake la namba, ambalo huwatoa watu jasho kuliko mtihani. Duara lina namba 0 hadi 39, na karatasi uliyopewa ina tatu, tuseme 24, 6, 31. Zungusha kulia mizunguko mitatu kamili ili kufuta kilichokuwemo, kisha simamisha 24 chini ya alama. Sasa geuza kushoto. Utakutana na 6, ipite. Utakutana tena na 24, ipite pia. Ndipo usimame kwenye 6 inayofuata. Wengi hunaswa hapo, kwa kusimama kwenye 6 ya kwanza. Halafu kulia tena, moja kwa moja hadi 31, bila kuzungusha, na uvute. Ukipitiliza hata mstari mmoja usirudi nyuma, anza upya. Kati ya kipindi na kipindi una dakika nne au tano, kengele ya pili ikilia umechelewa, na kuchelewa kunaandikwa. Omba ufunguliwe jengo siku moja kabla na ujaribu kufuli mara ishirini. Tembea pia njia yako yote ya vipindi, darasa hadi darasa, ukiwa na ratiba mkononi.

Chakula cha mchana huliwa mapema, saa 5 na kitu, ndani ya dakika 25 au 30. Tangu mwaka wa masomo wa 2023–24 Minnesota hulisha wanafunzi wote bure kifungua kinywa na mlo mmoja wa mchana kwa siku. Wewe unapiga tu namba yako kwenye kibao. Kwa Mwislamu, nguruwe hujificha mahali usipotarajia: vipande vyekundu juu ya piza, maharagwe ya kopo, supu ya njegere, na jelatini ndani ya peremende laini nyeupe. Waulize wapishi wiki ya kwanza. Wakikujua, watakuonyesha wenyewe.

Siku ya 45: alama

Matokeo ya kwanza yanaonekana mtandaoni: 62. Kwa kidato cha nne cha Tanzania hiyo ni C ya juu, maana B huanzia 65 na A 75. Kule A kwa kawaida huanzia 90, na 62 ni D. Tena nyingi ya alama hizo hazikutoka kwenye mtihani. Zimetoka kwenye kazi ndogo ndogo za kila siku, na kazi moja isiyowasilishwa ni sifuri inayoburuta wastani wote. Mwanafunzi wetu, aliyefundishwa kukesha kwa ajili ya mtihani wa mwisho, huumia hapa bila kujua kwa nini.

Dawa ni kwenda kwa mwalimu baada ya kipindi na kumuuliza: nini hakijawasilishwa, na je, naweza kukileta? Wengi hukubali. Mwalimu wa kule haoni kuulizwa kama ukaidi. Anayekaa kimya kwa heshima, macho chini, husomwa kuwa hajali.

Siku ya 60 hadi ya 80: kimya

Picha mpya zimeisha. Siku zimeanza kufupika, na marafiki wa wiki ya kwanza wamerudi kwa marafiki wao wa chekechea. Mtoto anajifungia chumbani na simu, anaongea na Dar usiku kucha, asubuhi ana usingizi, familia inadhani amekasirika, naye anadhani familia imemchoka. Ni kipindi kigumu kuliko vyote, na wengi wanaobadilishiwa familia huanzia hapa, kwa kosa ambalo hakuna aliyelisema.

Neno «pole» huonyesha shida ilivyo. Mtu akijikwaa, wewe unatamka «sorry». Anageuka na kukuambia si kosa lako. Hukuwa unakiri kosa, ulikuwa unampa pole, lakini Kiingereza cha pale hakina neno la kazi hiyo, na huruma yako imepotea njiani. Mambo mengi ya namna hii hurundikana. Yaeleze kwa maneno marefu: kwetu tunasema hivi, maana yake ni hii.

Kinachosaidia kwa vitendo: kazi za shule zifanyiwe sebuleni au jikoni badala ya chumbani, simu ya nyumbani iwe mara moja au mbili kwa wiki, kwa saa iliyopangwa, kila siku swali moja la kumuuliza mtu wa nyumba. Mratibu wa eneo analazimika kuwasiliana nawe kila mwezi. Akikuuliza mambo vipi, usijibu «poa». Mwambie kitu kimoja kinachokukera na kitu kimoja unachokiomba. Kama kuna anayekugusa vibaya, anayekutisha au anayekunyima chakula, hapo hakuna kusubiri mwezi: kwenye kadi yako ya utambulisho ipo namba ya shirika na ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, na 911 ni ya hatari ya papo hapo.

Siku ya 86: saa inarudi nyuma

Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha saa nyuma. Tofauti na Dar, iliyokuwa saa nane, inakuwa tisa. Simu uliyokuwa ukimpigia mama saa 2 usiku yake, mchana wako wa saa 6, sasa inatakiwa saa 5, ukiwa katikati ya kipindi. Mwambie mama wiki moja kabla, asije akakaa na simu mkononi akidhani umepata ajali.

Siku ya 100: Wiki ya Elimu ya Kimataifa

Kila Novemba, na wanafunzi wa YES hutarajiwa kuzungumza shuleni. Usijitwike Afrika nzima. Dakika 20 juu ya kitu kimoja unachokishika mkononi zinatosha: kanga na majina yake, au chapati.

Kwa chapati nane: vikombe vitatu vya unga wa ngano wa kawaida, kijiko kidogo cha chumvi, vijiko viwili vikubwa vya mafuta, na kikombe kimoja cha maji vuguvugu, ukiongeza kidogo kidogo hadi donge lilainike. Lifunike nusu saa. Kabla ya kuweka chuma motoni, washa feni ya juu ya jiko na ufungue dirisha, moto uwe wa wastani. Nyumba zao zina king'ora cha moshi darini, na chapati ya pili tu hukiamsha. Shuleni kikilia, jengo zima hutolewa nje.

Siku ya 134 hadi ya 175: baridi

Desemba 21 jua la Minneapolis huzama kama saa 10 na nusu jioni. Kwa aliyezaliwa jirani na ikweta, giza hilo hugusa moyo kabla ya mwili. Mchana toka nje, hata dakika ishirini.

Januari hushuka nyuzi 20 chini ya sifuri za Selsiasi na kupita. Utabiri wao ni wa Farenhaiti: 32 ni maji kuganda, 0 ni karibu −18, na zinapokutana −40 vipimo vyote viwili ni sawa. Ndani kabisa vaa fulana na suruali ya kubana ya sufu au poliyesta, kamwe si pamba, kwa sababu pamba ikishika jasho hukaa na maji na kukugandisha. Juu yake sweta, kisha koti la kuzuia upepo. Glavu zisizotenganisha vidole hushika joto kuliko zenye vidole. Mabuti yaache nafasi ya soksi nene. Yakibana, damu haifiki vidoleni. Ngozi ikianza kuwa nyeupe au ya kijivu na kufa ganzi, ingia ndani, tia kwenye maji ya vuguvugu, usisugue. Kwenye ngozi yetu weupe huo hauonekani upesi, kwa hiyo ganzi ndiyo dalili ya kuifuata.

Nywele na ngozi hukauka kupita kiasi. Vaselini hupakwa ngozi ikiwa bado na maji, na kilemba cha satini huvaliwa usiku. Msusi anaweza kuwa mwendo wa saa mbili. Panga safari moja na mtu wa nyumba atakayejitolea kukupeleka.

Siku ya 190 hadi ya 220: Ramadhani

Miaka hii inaangukia Februari na Machi. Mwanzoni futari ya Minneapolis huwa kama saa 12 kasoro. Jumapili ya pili ya Machi saa husogezwa mbele, na ghafla Magharibi inakuwa baada ya saa 1 usiku. Mpe kocha, mwalimu wa michezo na mama mwenyeji barua ya nusu ukurasa kabla ya mwezi kuandama: sili wala sinywi maji mchana, si adhabu, nikianza kuishiwa nguvu nipeni maji kwanza. Sentensi ya maji iwemo, kwa sababu ndiyo wanayoihofia wote. Maktaba hufaa wakati wa chakula cha mchana. Uliza ofisi chumba cha kuswalia. Wengi hupewa walipouliza tu.

Siku ya 264: kufunga mahesabu

Aprili mwambie mshauri wa masomo unahitaji transkripti (hati ya matokeo yako ya masomo) mbili rasmi, zenye muhuri wa shule, kwenye bahasha zilizofungwa, pamoja na maelezo ya masomo uliyosoma. Ukisubiri Juni, ofisi imefungwa kwa likizo. Chukua na barua ya saa zako za kujitolea.

Siku ya 300 hadi ya 305

Pima begi siku tano kabla, si usiku wa mwisho. Vitabu ni vizito. Koti na mabuti waachie wanaobaki au yarudi duka la mitumba. Andikia kila mtu wa nyumba barua yake kwa mkono. Acha ufunguo mezani, rudisha kompyuta na vitabu vya shule, lipa deni la maktaba. DS-2019 hukupa siku 30 baada ya mpango kuisha, lakini mpango hukutaka uondoke na tiketi uliyopewa.

Siku ya 308: Dar

Usingizi bado uko Minnesota. Unaamka saa 9 usiku. Jumatatu ya kwanza ambayo shule iko wazi vaa sare, nenda shuleni na mzazi. Peleka bahasha moja ya transkripti ikiwa imefungwa, ya pili ibaki nyumbani. Mkuu wa shule uliyemuaga huenda amehamia mkoa mwingine. Mpe wa sasa ile barua ya siku 40 kabla ya safari, ile halisi, na uombe kuonyeshwa darasa.